Walisema Moyo Wake ni Mzima

Siku ya kuniaga walinipa kitenge, saa ya ukutani na hotuba. Hotuba ilisomwa na kijana ambaye nilipoanza kazi alikuwa hajazaliwa, akasema mimi ni nguzo ya kituo. Nguzo kwetu huliwa na mchwa, lakini nilipiga makofi kama wengine. Baadaye wauguzi wa wodi ya wanawake wakanifuata nje, wakaniomba niandike niliyoyaona ili nao wapate pa kuanzia. Nimekubali. Ila nisiwadanganye mapema, sikuondoka na moyo mkunjufu. Anayetaka maneno matamu akaiombe ile hotuba.

Mimi ni Mndengereko wa ng'ambo ya mto. Nilikuja Kibiti na sanduku la bati na cheti kipya cha uuguzi, nikavuka mto pale Ndundu kwa kivuko kwa kuwa daraja lilikuwa bado, nikamalizia safari juu ya lori la magunia ya korosho. Niliposhuka nilikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Aliyenipokea alikuwa Mzee Athumani, tabibu wa kituo, mtu mrefu mwenye koti jeupe lililofifia. Hakuniuliza habari za safari. Aliniuliza kama najua kuchemsha sindano, maana wakati ule sindano zilikuwa za kioo na tulizitumia tena na tena. Nikasema najua. Akanionyesha jiko.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni nilifundishwa majina.

Kifua, kwa mfano, kilikuwa na benchi lake. Mgonjwa akisema kifua, karani alimwelekeza kwa wakohozi, akae pale atoe makohozi, hata kama hajakohoa tangu azaliwe. Wakataji mikoko kutoka visiwa vya delta, watu wenye mabega mapana kama milango, walikaa asubuhi nzima na kikopo mkononi wakihangaika kupata kohozi la kumridhisha karani. Wengine waliambiwa ni kichomi. Walioshika chembe cha moyo waliambiwa vidonda vya tumbo, wakapewa dawa nyeupe ya maji na kukatazwa pilipili. Mzee Athumani alikuwa akipita kwenye benchi lile na kuwatoa mmoja mmoja. Aliniambia, "Muulize maumivu yalimkuta akifanya nini. Kisha mwambie akuonyeshe panapouma, na wewe nyamaza utazame mkono."

Anayeonyesha kwa ncha ya kidole, alisema, mara nyingi unaweza kumtuliza akasubiri zamu yake. Anayefumba ngumi akaiweka katikati ya kifua, au akatandaza kiganja kizima, huyo mkalishe hapo hapo, usimruhusu hata aende msalani peke yake. Kanuni hiyo haikuniangusha mara nyingi. Mzee alipostaafu alirudi kwao Umwe kulima, akafa kwa kifua shambani, na hapakuwa na mtu wa kumtazama mkono. Nilipata habari ameshazikwa.

Mashine ndogo ya kupima sukari ilitufikia baada ya miaka mingi. Ninyi mnaiona kitu cha kawaida: tone la damu kwenye kijiti, unasubiri kidogo, namba inatokea. Sisi tuliifunga kwenye kitambaa kama mtoto njiti. Vijiti vyake vilikuja vikikaribia kuisha muda, au havikuja kabisa, na kwa unyevu wa huku kopo likiachwa wazi ndiyo basi tena. Mtu wetu wa maabara alikuwa akikumbatia makopo yale kama mchumba, na akiona namba haimpendezi jambo la kwanza alilaumu vijiti. Mkumbuke tabia yake hiyo, maana itakuja kunitesa.

Kliniki ya sukari na presha ilipoanzishwa nilipewa mimi. Jumanne na Jumatano zilikuwa za wajawazito na watoto. Ijumaa watu wanakwenda msikitini na kazi inakatika mchana. Zikabaki Jumatatu na Alhamisi. Bosi wetu akaamuru siku hizo ziandikwe ukutani kwa rangi ya mafuta, na kilichoandikwa kwa rangi ya mafuta katika ofisi zetu hakifutwi mpaka ukuta ubomolewe.

Msomaji wa bara huenda hajaona kasoro. Jumatatu na Alhamisi ndizo siku za funga ya sunna. Wanawake wetu wa makamo, hasa wajane na waliomaliza kuzaa, wengi hufunga siku hizo mwaka mzima. Na funga ya sunna haitangazwi. Anayeitangaza anajipunguzia thawabu, na anayechunguza funga ya mwenzake ni mtu asiye na adabu. Nilikuwa nikimuuliza kila mgonjwa kama amekula, ndivyo tulivyoagizwa, naye ananijibu, "Alhamdulillahi, Sista," kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Mtu mzima akishajibu hivyo hurudii swali. Naandika amekula, tunaendelea.

Tena wenyewe waliipenda ratiba ile. Safari moja, thawabu juu yake, na walikwisha kuambiana kwamba ukienda umefunga unatoka vizuri. Walidhani kutoka vizuri ndiyo kupona. Kwa hiyo nilipima damu ya watu wenye njaa, namba zikawa nzuri, bosi akapeleka taarifa nzuri wilayani, na kliniki yetu ikasifiwa kwenye vikao. Kila nikikumbuka zile sifa nasikia uchungu mdomoni mpaka leo.

Kati ya wanawake hao alikuwamo somo yangu. Alikuwa Mwanahawa kama mimi, na kwetu wenye jina moja huitana somo na kutaniana kama mtu na wifi yake. Alikuwa mjane, mpana wa kiuno na mwembamba wa miguu, mwepesi wa kucheka, mkulima wa mpunga bondeni. Aliishi na mwanawe Shabani na mke wa Shabani, Rehema, binti wa Bungu. Shingo ya somo kwa nyuma ilikuwa na weusi kwenye mikunjo, weusi wa kama mahameli, usiotoka kwa sabuni wala dodoki. Alikuwa akinisimulia kwamba alipoolewa kungwi wake alimsugua shingo kwa msio, ule wa kusugulia mabibi harusi, mpaka ngozi ikachubuka, weusi ukabaki pale pale, na mumewe akalipa mahari kamili bila kulalamika. Tulicheka sana juu ya shingo ile. Natamani ningecheka kidogo na kuitazama zaidi, lakini wakati ule hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba shingo inasema kitu.

Kifua kilimwanza msimu mmoja wa kulima. Alisema kinambana akipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, lakini zaidi ni jioni, akishakula akainuka kwenda kuswali. Nikamwambia anionyeshe. Akafumba ngumi, akaiweka katikati ya kifua, akasema, "Hapa, somo. Kama mtu amenikalia. Nikitulia anainuka."

Sikumpeleka kwenye benchi la wakohozi. Nilimkalisha nikampima. Sukari nzuri, presha imepanda kidogo. Daktari wa zamu akampa rufaa ya kwenda kupimwa moyo kwa zile waya za kubandika kifuani, nazo zikaonyesha moyo unapiga sawasawa. Maumivu yakaendelea. Mwisho akapelekwa Dar es Salaam, na Shabani akamsindikiza. Huko walimwingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono, wakausukuma mpaka kwenye moyo, wakamwaga dawa inayoonekana kwenye kioo, wakatazama mishipa yake ikipitisha damu.

Shabani alirudi kama mtu aliyetolewa mahabusu. Walisema mishipa ya moyo iko wazi yote, moyo ni mzima, mama apunguze mawazo. Siwalaumu sana waliosema. Walitafuta mshipa ulioziba, hawakuukuta, wakasema hawakuukuta. Lakini kutoka "hatukukiona" mpaka "hakipo" kuna mwendo, na mwendo huo Shabani aliumaliza ndani ya basi kabla hajafika nyumbani.

Tangu siku hiyo somo akawa mzima kwa amri. Alirudi bondeni. Akisimama njiani kutafuta pumzi, Shabani anamkumbusha walivyosema Dar. Shemeji zake wakasema ni shetani wa mumewe, wakamletea kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, akanywa. Majirani wakasema anaigiza ili mkwe wake abebe ndoo zote. Yeye mwenyewe alianza kuwaamini. Alipokuja kliniki hakutaka tena kunionyesha mkono. Nikamshika bega nikamuuliza kunani. Akasema, "Mie sasa hata kuumwa naona haya, somo."

Nilimwambia mimi namwamini. Lakini imani yangu haikuwa dawa, na sikuwa na jina la ugonjwa wa kumpa. Muuguzi asiye na jina la ugonjwa hana tofauti na jirani mwenye huruma. Nilikasirika, nikakaa na hasira yangu.

Halafu akaletwa daktari mpya, Daktari Neema, msichana wa kutoka nyanda za juu, Mkristo, mwenye sauti ndogo na macho yasiyochoka. Alikuwa akiniuliza maswali ambayo sisi tulikwisha kuyaacha. Nilimpenda kwa hilo, ingawa mwanzoni aliniudhi.

Mwaka ule Idi ya kuchinja iliangukia Jumapili. Jumatatu yake kliniki ikafunguliwa kama kawaida na wanawake wakaja na kanga mpya. Nikampima wa kwanza, sukari juu. Wa pili juu. Wa tatu juu. Nikajipima mimi, nikawa sawa. Nikampima mlinzi wa getini, naye sawa. Mtu wa maabara akaja akanusa kopo, akatangaza kwamba vijiti vimeingia unyevu na majibu yote ya leo yatupwe. Alikuwa ameshafunga daftari.

Daktari Neema akamzuia. Akaniuliza mimi, "Sista, leo hawa akina mama wamefanya nini ambacho siku nyingine hawafanyi?"

Nikatazama benchi. Mmoja anachokoa nyama kwenye meno. Mwingine vidole vinang'aa mafuta ya pilau. Somo yangu amejiegemeza ukutani anacheua sharubati. Nikamwambia leo hawakufunga, kwa sababu siku tatu baada ya Idi ya kuchinja kufunga ni haramu.

Akasema, "Kwani siku nyingine wanafunga?"

Nilikaa chini. Kliniki yangu yote ya miaka ile ilinipita mbele ya macho, Jumatatu kwa Alhamisi, namba nzuri juu ya namba nzuri. Nilimweleza habari ya sunna, na kwamba haiulizwi. Hakucheka wala hakunilaumu. Alisema tu kwamba sasa tujue tunapima nini.

Alimwita somo ndani. Akamtazama kiuno, akamgeuza akamtazama shingo, akauliza maumivu yanamkuta wakati gani. Kisha akatueleza sote wawili kwa Kiswahili cha polepole, na niliyaelewa maneno yake kuliko semina zote nilizokalia. Alisema kuna kichocheo mwilini, insulini, kinachoifungulia sukari milango iingie kwenye misuli. Kwa watu kama somo milango imekuwa migumu, na weusi wa shingo na upana wa kiuno ni dalili zake za nje. Mwili unatengeneza insulini nyingi zaidi ili kuisukuma, kwa hiyo ukimpima ana njaa unaona sukari nzuri, humjui. Mpime amekula ndipo unaona jinsi mwili unavyohangaika. Na hali hiyo ikikaa miaka, ngozi ya ndani ya mishipa ya damu inaharibika, mishipa inasahau kutanuka moyo unapohitaji damu zaidi, kama mtu anapopanda mlima au anapoinuka na tumbo lililojaa.

Nikamuuliza mbona Dar waliona mishipa wazi. Akaonyesha dirishani, kwenye barabara ya Lindi.

"Ile lami ni safi mpaka Lindi," akasema. "Lakini masika gari linafika kijijini kwako? Wao walitazama lami. Kile kioo hakionyeshi njia za vijijini. Mishipa yake midogo ndiyo haitanuki."

 Somo akauliza, "Kwa hiyo mie naumwa kweli?"

"Unaumwa kweli, mama."

Akasema alhamdulillahi, akalia mpaka ncha ya ushungi wake ikalowa. Nimekaa kazini maisha yangu yote na sijaona mtu mwingine akishukuru hivyo kwa kuambiwa ni mgonjwa.

Daktari Neema alimwandikia vidonge, vingine vya kuulegeza mwili uipokee sukari, vingine vya presha na vya kulegeza mishipa. Hakumkataza kufunga, ila alimpangia saa za kumeza dawa. Kilichombadilikia zaidi ni futari. Nyumbani kwao, kama kwetu sote, futari ni uji wa mchele wenye sukari, muhogo wa nazi, maandazi na chai tamu, vyote kwa mkupuo kwenye tumbo lililoshinda tupu. Daktari akasema apate uji wa mtama usio na sukari, samaki, mboga za kunde, muhogo kipande, na akimaliza akae kwanza kabla ya kuinuka. Rehema aliitwa akaelezwa. Akawa anampikia mkwe wake kwenye chungu kidogo cha peke yake, mbali na sufuria ya nyumba nzima, kwa kuwa Shabani hakuwa tayari kula uji usio na sukari.

Shabani tulimwita pia. Alikaa kwa heshima, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: je, mashine ya Dar es Salaam ni kubwa kuliko hii ya kwetu? Daktari Neema hakujua kudanganya. Akasema ndiyo, ni kubwa. Shabani akashukuru, akamchukua mama yake wakaondoka.

Nilikwenda kwa bosi nikamwomba siku za kliniki zibadilishwe, au angalau wagonjwa wapangiwe kuja siku isiyo ya funga wapimwe wakiwa wamekula. Alinisikiliza akichokonoa kalamu. Akasema watu wameshazoea, na tukibadilisha siku namba zetu zitaharibika. Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia namba zimeshaharibika, sasa zitatengenea. Akaniambia niko karibu kustaafu, nipumzike. Majibu ya Jumatatu ile ya Idi yaliandikwa kuwa vijiti vibovu, na Daktari Neema hakukaa muda mrefu akahamishwa. Hakuna aliyemfukuza. Kwetu mtu anayeona hahitaji kufukuzwa, barua ya uhamisho humtafuta yenyewe.

Nawaambia ninyi mliobaki: tazameni shingo, tazameni kiuno, tazameni mkono. Na mwanamke akiwajibu alhamdulillahi, msimkoseshe adabu, lakini mwambieni arudi siku nyingine akiwa na chakula tumboni. Maandishi ya ukutani yasiwatishe. Mimi yaliniweza kwa sababu nilikuwa peke yangu.

Somo alipata nafuu miezi kadhaa. Alipanda kutoka bondeni akipumzika mara moja tu, na utani wake ukarudi. Duka letu la dawa likiishiwa, Rehema alikuwa akipanda bodaboda kwenda mjini kumtafutia vidonge, na alikuwa akivihesabu kwenye kiganja chake kabla ya kumpa, nilimwona kwa macho yangu. Kisha mpunga ukaanza kuchanua na ndege wakaja. Kuamia ndege ni kazi ya kutwa nzima, kupiga kelele, kurusha udongo, kukimbia huku na huku kwenye matope. Nilimwambia Shabani mama asiende. Akaniambia kwa upole kwamba mama ni mzima.

Alifariki Alhamisi. Alishinda bondeni na funga yake, akarudi, akafuturu kutoka kwenye kile chungu kidogo. Maji ya kutawadha yalikuwa yamechelewa kuletwa, akainuka haraka ili wakati wa magharibi usimpite, akashika kifua, akakaa, akajiegemeza kwa Rehema.  Rehema alikuwa bado na upawa mkononi.

Niliosha maiti yake pamoja na wanawake wengine. Shingo yake ilikuwa vile vile.

Tuliporudi kutoka matangani ndipo maneno yalipoanza. Mtu mwenye moyo mzima hafi akiwa ameketi. Moyo wake ulitazamwa Dar, kwa mashine kubwa, ukaonekana mzima. Basi kimemuua nini? Na nani alikuwa akimpikia chakula cha peke yake, kwenye chungu cha peke yake, kisichoonjwa na mtu mwingine nyumbani? Nani alikuwa akienda mjini kuleta vidonge ambavyo hakuna aliyejua ni vya nini? Hakuna aliyesema neno sumu mbele yangu wala mbele ya Rehema. Walikuwa wakinyamaza tu akiingia. Kabla ya arobaini Shabani alimpa talaka, akamrudisha kwao Bungu na godoro lake. Chungu walikivunja.

Nilikwenda kwenye arobaini na nilimsubiri Shabani mpaka watu wakapungua. Nikamweleza tena yote, kama Daktari Neema alivyotueleza, polepole, lami na njia za vijijini. Nikamwambia chungu kile kilimwongezea mama yake siku za kuishi, na bondeni ndiko kulikozipunguza. Nilisema hivyo hivyo, sikuzunguka. Alinisikiliza akitazama mkeka.

Akasema, "Sista, nikikubali maneno yako, mama nimempeleka mwenyewe bondeni, na mke wangu nimemwacha bure. Sasa unataka nikubali?"

 Akainuka akaenda kuwaaga wageni.

Juma lililofuata nilikwenda Bungu. Rehema anauza mihogo ya kukaanga kando ya barabara, mbele ya nyumba ya mama yake, malori yanasimama wanunuzi wananunua bila kushuka. Amekonda uso, lakini kiuno kimeanza kupanuka. Alinikaribisha kwenye kigoda, akanipa maji. Nikamwambia nimezungumza na Shabani. Aliendelea kugeuza mihogo kwenye mafuta na kuniuliza amesema nini. Nikamwambia hajakubali.

"Usirudi tena kumwambia," akasema. "Akikubali atakuja kunichukua. Mie siwezi tena kupika mahali ninapotazamwa mikono."

Nikasema nimeelewa. Lori likaja, akahudumia, likaondoka. Akapangusa mikono kwenye kanga na kuketi chini karibu yangu. Akauliza kama kweli yale ya somo huwapata watu wengi. Nikasema wengi, na wengi hawajui. Akageuka akaniinamishia shingo, akafunua ushungi.

"Basi nipime na mie, Sista. Nshakula. Nisije nikafa na moyo mzima, wakamtafuta mtu."

Nikaishika shingo yake kwa vidole viwili. Ngozi ya kwenye mikunjo ilikuwa nyeusi na laini. Nikamwambia sina mashine, niliikabidhi siku ya kustaafu pamoja na funguo, na kwamba itabidi aje kliniki.

Akaniuliza kliniki ni siku gani.